Ndege isipotua msimfokee rubani, ila mashirika nayo yaseme

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo linanikera muda mrefu sasa.

Juzi kati nilipanda ndege ya asubuhi kwenda Mbeya. Tumefika uwanja wa Songwe chini ni ukungu mtupu, dirishani huoni hata bati la nyumba, ndege inashuka tu, matairi yameshatoka, mara injini zikanguruma tukapanda juu tena. Basi humo ndani ikawa vurugu, mama mmoja analia, kijana wa nyuma yangu anamfokea mhudumu eti rubani hajui kazi, mwingine anasema ana kikao saa tatu nani atamlipa. Tukazunguka, alafu tukarudishwa Dar. Tulichoambiwa ni "hali ya hewa", basi.

Jamani, kupaa upya rubani anafundishwa na anapimwa nako mara kwa mara. Kila uwanja una kimo chake cha kuamulia, hata penye mitambo mizuri ya kuongoza ndege kwa kawaida ni kama futi 200 hivi, yaani mita 60 tu kutoka chini, na akifika hapo hajaiona njia ya kurukia wala taa zake anatakiwa apande, hakuna kubahatisha. Na mafuta anayo, sheria inataka abebe ya kumfikisha uwanja mwingine na juu yake abaki na ya kuzunguka angani dakika 30. Novemba 2022 tulizika watu 19 baada ya ndege yenye watu 43 kuingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa. Chanzo ni cha wachunguzi siwezi kukisemea mimi, ila tangu siku ile nikisikia abiria anamlazimisha rubani ashuke kwa sababu ya kikao naumia sana.

Kingine ni huku kulalamika kwamba ndege "imebamiza". Njia ikiwa na maji rubani anaiweka chini kwa nguvu makusudi, ili matairi yakate maji yashike lami, akiibembeleza inaweza kuteleza. Yale mabati yanayonyanyuka juu ya bawa ikishagusa chini kazi yake ni kuua ule upepo unaoibeba ndege ili uzito wote ukae kwenye matairi na breki zishike. Sio kwamba bawa limefunguka kama nilivyowahi kusikia watu wanasema!

Sasa muda wa kufika. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kusimama kwenye maegesho, sio ya matairi kugusa chini, na ni makadirio. Upepo wa juu unaweza kuibadilisha, foleni ya kutua pia, ndo maana New York kwenda London ni pungufu karibu saa nzima kuliko kurudi, upepo wa kule juu unasukuma kutoka magharibi. Na hata kwenye ubao ikiandikwa imetua, mgeni wako bado ana uhamiaji na ana mabegi ya kusubiri, kwa hiyo usianze kumpigia kila dakika ukidhani amepotea.

Balaa kubwa lakini ni hizi ndege za usiku. Tiketi inasema tarehe 14, saa 01:30. Hiyo ni saa saba na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 14, lakini mtu anakaa siku nzima ya tarehe 14 anapika pilau, jioni anakodi gari ndo anaenda Terminal 3 pale uwanja wa ndege wa Dar, kumbe mgeni ameshinda pale na mabegi tangu usiku uliopita, laini ya Tanzania hana. Mwingine anaisoma saa moja na nusu, anafika kulipokucha. Haya nayaona kwenye familia nyingi, hasa wanaopokea wazee waliotoka kuona watoto wao nje.

Ninachoomba kwa mashirika ya ndege ni vitu vidogo. Ndege ikipaa upya, kapteni akishamaliza kazi zake (najua dakika zile mikono yake imejaa) achukue maiki aseme kwa Kiswahili kilichotokea na tunaelekea wapi, sentensi mbili zinatosha. Wanaosubiri nje nao waambiwe, sio ubao unaandika imechelewa masaa mawili bila sababu. Na ule ujumbe wa simu unaokuja ukishalipa tiketi uandike wazi "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, saa saba na nusu", na abiria aruhusiwe kuweka namba ya ndugu mmoja anayempokea ili huo ujumbe umfikie na yeye.

Abiria na mpokea wageni,
Tabata, Dar es Salaam