Barua ya wazi kwa mjomba wangu kuhusu Canossa

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Uliposema kwamba katika Ulaya ya zama za kati Papa aliamuru na wafalme wakatii, ulitoa mfano wa Canossa, ngome ya Italia ambako Mfalme Heinrich IV wa Ujerumani alikwenda kumwomba msamaha Papa Gregorius VII. Kwa heshima zote naomba nikujibu kwa mfano huohuo, kwa kuwa ukifuatwa hadi mwisho unaonyesha jambo jingine.

Kiini cha ugomvi ule kilikuwa ardhi. Askofu wa Ujerumani katika karne ya 11 hakuwa mchungaji wa roho peke yake. Alimiliki mashamba na ngome, alikusanya ushuru, na mfalme alipokwenda vitani yeye alipaswa kumpelekea askari. Tena, kwa kuwa hakuwa na mrithi halali, alipofariki mfalme alipata nafasi ya kumweka mtu wake, jambo lisilowezekana kwa urahisi pale ambapo kabaila alimwachia mwanawe cheo. Ndiyo maana wafalme walishikilia sana desturi ya kumkabidhi askofu mpya pete na fimbo ya kichungaji kwa mkono wao wenyewe. Gregorius VII aliona Kanisa likigeuzwa mali ya mfalme, na naamini hofu yake ilikuwa ya haki, maana vyeo vitakatifu vilikuwa vikinunuliwa kwa fedha.

Januari 1076, mjini Worms, Heinrich IV na maaskofu wake walimtaka Papa ang'atuke. Mwezi uliofuata Papa akamtenga mfalme na Kanisa, akawafungua raia wake kiapo cha utii. Hilo la kiapo ndilo lililouma, kwa sababu makabaila waliotaka kuasi sasa walikuwa na ruhusa. Heinrich akavuka milima ya Alps wakati wa baridi kali, na mwishoni mwa Januari 1077 akasimama siku tatu mbele ya Canossa, ngome ya Matilda, mtawala wa Toscana, alikokuwa Papa, pekupeku, amevaa sufu ya mtubu, hadi akaondolewa adhabu. Lakini Papa naye alikuwa amebanwa, mjomba: kasisi hamfungii mlango anayetubu, hata kama kumsamehe ni kuwaacha njiani makabaila waliomtegemea.

Machi ya mwaka uleule makabaila wakachagua mfalme mwingine, vita vikazuka. Mwaka 1080 Heinrich akatengwa tena, na safari hii hakutikisika. Aliweka Papa wake mwenyewe wa kumpinga Gregorius, akatawazwa kaizari Roma mwaka 1084, na Gregorius akafia Salerno mwaka uliofuata, mbali na kiti chake.

Suluhu ilipatikana Worms mwaka 1122, Gregorius na Heinrich IV wakiwa wamekwisha kufa. Kaizari Heinrich V aliacha pete na fimbo ya kichungaji. Papa Calixtus II akakubali maaskofu wa Ujerumani wachaguliwe mbele ya kaizari, naye awakabidhi mali na mamlaka ya kidunia kwa fimbo ya kifalme. Naomba utazame mpangilio wake: Ujerumani, mteule angeweza kupokea fimbo ya kifalme kabla ya kuwekwa wakfu, ilhali Italia na Burgundia, nchi nyingine za kaizari, aliwekwa wakfu kwanza, kisha akaipokea ndani ya miezi 6. Kaizari aliweza kumzuia asiyemtaka Ujerumani. Kwingineko alikuta askofu amekwisha kuwa askofu.

Mpwa wako akupendaye.