Gesi ya soda inasingiziwa

Mhariri,

Wengi husema gesi ya soda hula mifupa na kuuzuia mwili kupata madini chuma. Kila mjadala wa soda na mifupa unapozuka, hakosi mtu wa kuleta mfano wa mfupa wa kuku: uloweke kwenye kola siku kadhaa, utaukuta umelainika. Ni kweli. Lakini ukiuloweka kwenye siki utalainika vilevile, na sijasikia mtu akiogopa kachumbari. Mfupa ulio mwilini haukutani na soda. Soda inaishia tumboni, kwenye asidi kali isiyopungua yake, na gesi inatoka kwa kubeua au kupitia mapafu.

Kola ndiyo yenye maswali. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa 2006, uliwakuta wanawake wanaokunywa kola kila siku wakiwa na madini pungufu kwenye nyonga. Wanaume hawakuonyesha tofauti hiyo, wala soda zisizo kola hazikuhusishwa nayo. Wengi hukimbilia kulaumu asidi ya fosforiki, ile asidi ya kwenye kola yenye madini ya fosforasi. Tupige hesabu: kopo la kola lina fosforasi kama miligramu 40, glasi ya maziwa ina zaidi ya 200. Ila maziwa hayo yanakuja na kalsiamu, madini ya kujenga mifupa, kama miligramu 300, na kola haiji na chochote. Kafeini nayo hupitisha kalsiamu kidogo kwenye mkojo, kiasi ambacho vijiko viwili vya maziwa vinatosha kufidia.

Hasara yenyewe iko kwenye kile ambacho soda imekiondoa mezani. Kijana wa miaka 9 hadi 18 anashauriwa kupata kalsiamu miligramu 1,300 kwa siku, na huo ndio umri wa kujenga mifupa. Pesa ya mtindi ikienda kwenye soda kila siku, pengo halizibiki kirahisi. Dagaa wakavu wanasaidia sana, mradi waliwe wazima. Ukimtoa dagaa kichwa na mgongo, kalsiamu umeitupa jalalani. Mchicha usiutegemee kwa hili, kwani oksalati yake, kemikali ya asili iliyomo kwenye mboga hiyo, huifunga kalsiamu isifyonzwe. Sukuma wiki ni bora zaidi.

Kuhusu madini chuma, tunamkaripia mtoto mwenye soda huku sisi tunateremshia maharage kwa chai ya rangi! Katika jaribio moja, kikombe cha chai kilichonywewa pamoja na mlo kilipunguza ufyonzwaji wa chuma kwa asilimia 64, kahawa kwa 39. Chai isogezwe mbali na mlo, angalau saa moja, na mahali pake liwekwe chungwa. Mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu asivishushie kwa chai.

Siitetei soda. Kopo la mililita 330 lina sukari kama gramu 35, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri zaidi mtu mzima asizidi gramu 25 kwa siku. Meno, tofauti na mifupa, yanakutana nayo ana kwa ana: gamba la jino huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ikishuka chini ya 5.5, na kola iko karibu na 2.5. Ukishakunywa, sukutua kwa maji. Mswaki usubiri nusu saa, la sivyo utasugua gamba lililokwisha kulainika.

Wenye ugonjwa wa figo ndio hasa wa kuiogopa fosforasi ya kola, kwa kuwa hufyonzwa karibu yote na figo zao haziwezi kuitoa. Wasome lebo: wakikuta asidi ya fosforiki au namba yake ya lebo, E338, chupa irudi rafuni.

Afisa lishe,
Morogoro