Idi Mubarak, ndugu zangu wa Kusini

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na marafiki wa Mikindani, Mtwara mjini, Newala, Tandahimba, Masasi, na ninyi mlio mbali mkitafuta riziki, nawapa mkono wa Idi. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu, swala zetu na sadaka zetu, atusamehe tulipoteleza, na atufikishe mwakani tukiwa na afya na imani. Ndugu zetu Wakristo mlio kwenye Kwaresma, nanyi tunawaombea mmalize salama mle Pasaka kwa furaha.

Mfungo wa safari hii ulikuwa mzito. Fedha za korosho zilikwisha kabla mwezi haujaandama. Mwenye watoto shuleni anajua Januari ilizipeleka wapi. Mchele, sukari, mafuta ya kula, vyote vimepanda. Mvua nayo ikizidi kidogo roho zinaruka, maana hatujasahau mwaka 2024 Kimbunga Hidaya kilivyoikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, mizigo ikalala njiani na bei zikapaa. Hata hivyo futari ililiwa. Muhogo wa nazi haukukosekana, na jirani hakumfungia jirani mlango. Alhamdulillah.

Lakini siwezi kuandika salamu hizi kana kwamba kwetu ni shwari. Hii ni Idi ya kwanza bila mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, askari wa Jeshi la Wananchi (JWTZ), aliyefariki kwa ajali ya gari akiwa kazini, hata miaka 25 hajatimiza.

Mliomjua mnamkumbuka. Alijitolea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), akavumilia kusubiri ajira huku wenzake wakikata tamaa na kurudi kwenye bodaboda, mpaka jina lake likatoka. Alipokuja likizo ya kwanza hakwenda kuzunguka mjini kujionyesha. Alipanda juu ya nyumba ya mama yake akaziba bati zilizokuwa zinavuja. Kila Idi, popote alipo, pesa ilitangulia: ya nyama, ya nguo za wadogo zake, na ya ugoro wa bibi, hiyo hakuisahau kamwe. Leo asubuhi dada alipika pilau kama kawaida. Alipomaliza kupakua akakwangua ukoko wote, akauweka kwenye sahani ya bati, akaufunika kawa. Ukoko katika nyumba ile ulikuwa haki ya yule mtoto tangu yuko madrasa. Sote tuliiona ile sahani, hakuna aliyefungua mdomo. Mimi mjomba mtu nilitoka nje nikalia.

Sisi wa Kusini askari hatusimuliwi. Makaburi ya mashujaa yako Naliendele, hapa hapa kwetu, wamelala vijana waliopoteza maisha kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji. Tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu 14 waliuawa kwa mpigo kule Semuliki, Kongo, wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2018 korosho zilipokwama, wanajeshi ndio waliokuja kusomba magunia. Na usiku huu tunaolala upande wetu wa Mto Ruvuma, kuna mtoto wa mtu yuko macho akilinda mpaka. Kwa hiyo asije mtu akaniambia, "Huyu wenu hakufa vitani." Aliyekufa kwa risasi na aliyekufa kwa gari kupinduka walikula kiapo kimoja, na mama zao wanalia kilio kimoja. Ikifika tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wa kwetu naye nitamwombea kati yao.

Sasa nina neno kwa wajomba wenzangu, mniwie radhi nikikaza sauti. Jeneza lenye bendera likishatoka, risasi za heshima zikishapigwa na wageni wakishatawanyika, ndipo huanza minong'ono ya mafao. Mjane bado yuko eda, mtoto bado ananyonya, na tayari kikao cha ukoo kinabishana nani asimamie mirathi. Nimeyaona kwenye nyumba za watu, na kwetu pia yalibisha hodi. Nikasema hapana. Baba yake alishatangulia. Ameacha mama, mke na mwana wa kiume. Mungu ameshagawa: mama sudusi, yaani moja ya sita, mjane thumuni, yaani moja ya nane, kinachobaki ni cha mtoto. Mjomba hana fungu hapo. Umjomba ni kubeba: kumpeleka yule yatima madrasa, kumnunulia madaftari, kumsimamia siku yake ya jando. Suratun Nisaa iko wazi kwamba wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Unafunga mwezi mzima, unasimama tarawehe mpaka miguu inavimba, halafu ufuturu moto? Tumche Mungu, jamani. Na aliyekwisha kula, arudishe. Mlango wa toba haujafungwa.

Nanyi vijana, Idi isiishie ufukweni. Kila mtaa una mama aliyezika mwaka huu. Matanga tulijaa, arobaini tulikuja wachache, baada ya hapo hata salamu za kupitia dirishani zimekatika. Piteni, kaeni naye hata kama hamna la kusema. Mchoteeni maji.

Idi pili baada ya Alasiri tutamsomea khitma nyumbani kwa dada, Mikindani. Msijisumbue kuja na chochote. Mwenye msahafu aje nao. Watoto waje pia, visheti vipo.

Kullu aam wa antum bikhair. Idi Mubarak.