Risala ya Klabu ya Maigizo kwa Mgeni Rasmi, Usiku wa Tamthilia

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha jioni hii. Tunakushukuru na wewe, dada yetu, kwa kukubali mwaliko. Bwalo hili unalijua. Meza tulizounganisha kuwa jukwaa ni zile zile ulizozikanyaga wewe ukiwa mwanaklabu.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka huu tumejifunza habari za viongozi wa tamthilia ya Watu Weusi huko Marekani, na kilichotuvuta ni neno moja tu. Mwalimu wetu wa historia alituambia kwamba mjini Cleveland, jimbo la Ohio, kuna nyumba ya maigizo iitwayo Karamu House, na kwamba karamu hiyo ni hii hii yetu ya Kiswahili. Tulidhani anatutania.

Nyumba hiyo ilianza mwaka 1915 kama kituo cha jamii. Waanzilishi wake ni mume na mke Wazungu, Russell na Rowena Jelliffe, nyakati ambazo Weusi wa majimbo ya kusini walikuwa wakihamia miji ya kaskazini kutafuta kazi. Watu wa mtaani wakaunda kikundi cha maigizo. Mwigizaji Charles Gilpin alipowatembelea na kuwatia moyo, wakajiita Gilpin Players. Mwaka 1927 wakapata ukumbi wao, wakauita Karamu. Anayetajwa kuwa ndiye aliyelipendekeza jina hilo ni Hazel Mountain Walker, mwanakikundi ambaye kazi yake ilikuwa ualimu, na aliyekuja kuwa miongoni mwa Weusi wa kwanza kuongoza shule mjini humo. Mwalimu wa shule! Walimu wetu mliopo hapa, mkae mkijua kwamba tulipiga makofi.

Jina hilo lilichaguliwa vyema. Karamu haipikwi na mtu mmoja. Huyu analeta kuni, yule anakuna nazi, wengine wanachambua mchele tangu alfajiri. Mwaka 1939 moto uliteketeza ukumbi ule. Wangeweza kutawanyika, kila mtu akashika njia yake. Hawakutawanyika. Jengo jipya lilikamilika mwaka 1949, na Karamu imevuka miaka 100 ikiwa bado inaonyesha michezo, ingawa waliowasha jiko la kwanza wametangulia mbele ya haki zamani.

William Alexander Brown hakupata bahati hiyo. Huyu aliwahi kuwa mhudumu melini, na mwaka 1821 akafungua ukumbi wa African Grove mjini New York, wakati utumwa ulikuwa haujakomeshwa kabisa hata katika jimbo hilo. Waigizaji wake weusi, nyota wao akiwa James Hewlett, walicheza Shakespeare. Wakafanyiwa fujo, wakakamatwa na polisi, wakarudi jukwaani. Mwaka 1823 Brown akaonyesha tamthilia aliyoitunga mwenyewe, ya Mfalme Shotaway, kuhusu uasi wa Wakaribu Weusi, watu wa damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa visiwa vya Karibi, katika kisiwa cha St. Vincent. Inahesabiwa kuwa tamthilia ya kwanza ya mtunzi mweusi nchini Marekani. Jina lake tunalo, lakini muswada wenyewe umepotea.

Tulipofika hapo darasa zima lilinyamaza, maana tulikumbuka stoo yetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, michezo ya klabu hii huandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku. Masika iliyopita bati la stoo lilivuja juu ya boksi la miswada. Tulipolifungua, madaftari saba yalikuwa yameshikana kama mkate uliolowa chai. Tuliyabandua ukurasa kwa ukurasa, tukayaanika kwenye madawati, na wino wa bluu ukabaki vidoleni mwetu. Daftari moja lina jina lako kwenye jalada. Ni ule mchezo uliotunga ukiwa kidato cha tatu, wa bibi anayekataa kuuza shamba. Kurasa 11 tu ndizo zinazosomeka.

Ndiyo maana tulimpenda Lloyd Richards, mwongozaji mweusi wa michezo ya kuigiza, kuliko wote. Mwaka 1959 aliongoza mchezo wa Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, wa kwanza wa mwanamke mweusi kuonyeshwa Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Sifa hiyo peke yake ingemtosha. Lakini tangu mwaka 1968, kwa miaka zaidi ya 30, alisimamia mkutano wa watunzi huko Connecticut, ambako miswada ya watu wasiojulikana ilipokelewa, ikasomwa na kufanyiwa kazi. Mtu mmoja wa Pittsburgh, aliyeacha shule akiwa na miaka 15, alituma michezo yake ikakataliwa, akatuma tena. Mwaka 1982 ukapokelewa mmoja. Huyo ni August Wilson. Richards aliuongoza mchezo huo mpaka Broadway mwaka 1984, na Wilson hakufariki kabla ya kukamilisha tamthilia 10, moja kwa kila muongo wa karne ya 20. Kwa maoni yetu, kazi kubwa ya Richards ilikuwa pale ambapo hapakuwa na taa wala makofi, mbele ya karatasi za mtu asiyemjua.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunalo ombi la kabati la chuma lenye kufuli, na bati mbili za stoo. Wazazi wameahidi misumari na fundi.

Ombi la pili ni lako binafsi, dada. Daftari lako tumekuja nalo, lipo hapa mezani. Tukimaliza maonyesho, tunakuomba ukae nasi kidogo kwenye ngazi za bwalo utuambie yule bibi alimjibu nini mnunuzi, kwa sababu ukurasa huo umefutika wote. Kalamu tunayo, na kaunta buku jipya tumeshanunua.

Tunaomba kuwasilisha.