Chini ya Songo Songo hakuna ziwa

Somo yangu,

Salamu nyingi. Kimya changu tutakizungumza siku nyingine, maana rasimu ya kijitabu chako cha wanafunzi imenifikia na ukurasa wa pili umeninyima usingizi. Umeandika kwamba chini ya kisiwa cha Songo Songo kuna "ziwa la gesi". Nakuomba sana ulifute kabla hakijaenda kwa mpiga chapa.

Hakuna ziwa wala pango. Ni mwamba wa mchanga, mgumu, uliotokana na mchanga wa kawaida zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na gesi imo katikati ya chembe zake. Waonyeshe kwa ndoo. Jaza lita 10 za mchanga mkavu wa pwani, mimina maji polepole kwa kikombe, mhesabu: zitaingia lita tatu na nusu hadi nne hivi kabla maji hayajatanda juu. Kule chini nafasi hupungua, kwa uzito wa matabaka ya juu na kwa madini yanayoganda kati ya chembe kama saruji. Ikibaki asilimia 20, huo ni mwamba mzuri. Nayo haiwi ya gesi yote, kwani maji ya chumvi hunata kwenye chembe.

Ndoo ya pili wachanganye mchanga na udongo wa mfinyanzi. Maji yatasita juu. Udongo huohuo unaoharibu mwamba wa gesi ukiwa ndani yake ndio unaoulinda ukiwa juu yake: tope lililogeuka mwamba ndilo kifuniko. Pasipo kifuniko gesi ingekwishapanda na kupotea zamani.

Ndiyo maana hilo ziwa linanikera. Mtoto ataamini kwamba gesi huchotwa tu hadi iishe. Kisima kikivutwa kwa pupa, maji ya chini hupanda kukizunguka, na gesi iliyozingirwa na maji vitunduni hubaki hukohuko.

Mwaka 1974 wa Agip, ile kampuni ya mafuta ya Italia, kugundua gesi uko sawa. Ongeza kwamba ilianza kutumika Dar es Salaam 2004, watakuuliza.

Kinachapwa lini? Mchoro wa ukurasa wa tano nani kauchora, na anaweza kuurudia? Ndoo mbili shuleni zipo? Na Mama Mkubwa, mguu unaendeleaje?

Wako,
Somo