Wakimbiaji wa nyuma tusifungiwe barabara

Mhariri,

Makala moja katika ukurasa wako wa michezo ilidai kwamba marathoni za miji mikubwa zimevamiwa na watu wa ridhaa wanaotembea na namba kifuani, na kwamba waandaaji wangefanya vyema kufungua barabara kwa magari mara zikitimia saa nne na nusu tangu mbio kuanza. Mwandishi hakusema kama amewahi kuzikimbia. Mimi ni mwanamke wa makamo, karani wa kuketi kutwa nzima, nami ni mmoja wa hao anaotaka waondolewe. Naomba nafasi nimjibu.

Kukimbia kwa ridhaa na kukimbia polepole ni mambo mawili. Marathoni ya Boston, Marekani, ya mwaka 2018 ilikimbiwa katika mvua ya baridi na upepo wa kupiga uso, na baadhi ya wakimbiaji wa kulipwa walijitoa njiani. Kwa wanaume alishinda Yuki Kawauchi wa Japani, mtumishi wa serikali aliyekuwa akifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Kwa wanawake, wa pili alikuwa Sarah Sellers wa Marekani, muuguzi. Hao ndio watu wa ridhaa. Siwatumii kama ngao yangu, maana Kawauchi alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 58, na mimi kwa muda huo huwa bado sijafika nusu ya njia.

Basi tuzungumze juu yetu sisi wa polepole. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia Chicago mwaka 2023, kwa saa 2 na sekunde 35, alikuwa akiimaliza kila kilomita kwa chini ya dakika tatu. Anayekusudia kumaliza kwa saa sita huhitaji dakika nane na nusu kwa kilomita. Kiptum anakata utepe, huyu yuko kilomita ya 14 na jua ndiyo kwanza linapanda. Sisemi kwamba tunamzidi kazi, Mungu apishe mbali. Nasema kilomita 42.195 ni zilezile, na sisi tunakaa juani mara tatu ya muda wake.

Na huko kukaa ndiko kwenye hatari. Oktoba 2007, joto la Chicago lilikuwa kali hata mbio zikasimamishwa katikati. Washindi walikuwa wamekwisha maliza, waliobaki barabarani ni watu wa namna yangu. Watafiti waliopima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston mwaka 2002 walikuta asilimia 13 chumvi ya damuni imeshuka kupita kiasi. Waliopatwa zaidi ni waliokunywa mno hadi wakaongezeka uzito, na waliotumia zaidi ya saa nne. Anayechomwa na jua anahitaji maji, aliyeshukiwa chumvi anahitaji muuguzi; kwa hiyo ukiondoa kitu kwa watu wa nyuma, usianze na wauguzi wala meza za maji.

Lakini ndivyo inavyofanyika. Katika mbio nilizokimbia mwisho (jiji silitaji, waandaaji wanajijua) tulifika kituo cha maji kilichopita kilomita ya 33 tukakuta meza zinakunjwa. Lami yote imejaa vikombe vilivyokanyagwa, vinateleza kama maganda ya ndizi. Mtu ameshamaliza akiba yake ya sukari mwilini, kila hatua inagota kiunoni, shati limemchubua kwapa hata jasho linawasha, halafu anaambiwa maji yamekwisha, jaribu kituo kijacho. Nilikuwa sambamba na mzee mmoja aliyefunga goti kwa bendeji. Tulikuwa tumepatana: nguzo tatu za taa tunakimbia, moja tunatembea. Kijana wa kujitolea akanipa chupa yake mwenyewe, iliyobakia nusu, tukagawana. Gari la kuzoa waliochoka likaja likatambaa nyuma yetu na dereva akachungulia.

"Mama, utapanda?"

"Pita, mwanangu. Muda bado."

Na muda ulikuwa bado kweli. Hilo ndilo linaloniudhi. Kikomo cha muda wa kumaliza hutangazwa kabla ya mtu kulipa ada: Berlin ni saa sita na robo, Chicago ni saa sita na nusu. Mtu hupanga mazoezi yake kwa hesabu hiyo, akaamka kabla ya alfajiri miezi na miezi, akawahi kukimbia kabla ya kazi, Jumapili akakosa harusi za watu. Meza ikiondolewa kabla ya muda uliotangazwa, hapo mwandaaji ndiye aliyevunja mapatano. Tena waanzao nyuma huvuka mstari wa kuanzia muda mrefu baada ya mlio wa bunduki, kwa hiyo kikomo kihesabiwe tangu kundi la mwisho lilipoondoka. Chipu, vile vipima muda vya kielektroniki vilivyofungwa kwenye namba zetu, zinajua vizuri tulivuka saa ngapi.

Mwandishi wako anatamani mbio za zamani, zenye watu wachache waliojua kukimbia. Naye alitazame basi shindano la kwanza la New York, mwaka 1970: walianza 127, wakizunguka ndani ya bustani ya Central Park, wakamaliza 55. Zaidi ya nusu hawakufika. Leo wanaomaliza huko hupita 50,000, na jiji zima hutoka kando ya barabara. Sidhani umati ule hutoka ili kuwaona vinara pekee, maana vinara hupita mbele yako kwa sekunde chache tu.

Ninachoomba kwa waandaaji ni kidogo: meza ya mwisho ya maji na gari la wagonjwa visitangulie mbele ya mkimbiaji wa mwisho aliye ndani ya muda. Kwako, Mhariri, ni ombi dogo zaidi. Matokeo mnayochapa huishia kwa kumi bora. Ongezeni mistari miwili: wangapi walimaliza, na wa mwisho alitumia muda gani.

Ni mimi msomaji wako,
Karani wa Kundi la Mwisho