Usifomati pleya kabla hujabadilisha waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie lile jibu mlilompa msomaji aliyeuliza kwa nini pleya yake ya muziki haionekani kwenye kompyuta, mkamwambia aifomati. Hapana Mhariri, hapo mmempoteza. Kufomati kunafuta kila kitu, na watu wengi sana hiyo pleya ndo sehemu pekee waliyobaki na nyimbo zao, manake kompyuta ya zamani ilishakufa, CD zilishachunika, sasa ukimwambia mtu kama huyo afomati umemwambia atupe muziki wa miaka na miaka. Halafu tufikirie vizuri, kama kompyuta haiioni kabisa hiyo pleya, atafomatia wapi? Ataingia kwenye menyu ya pleya yenyewe, atafuta vyote, atachomeka tena, na bado haitaonekana, kwa sababu tatizo halikuwa ndani ya pleya.

Mara nyingi tatizo ni waya. Waya wa USB 2.0, ambao ndo pleya nyingi zinatumia, una nyuzi 4 ndani yake za kufanyia kazi, 2 za umeme na 2 za data. Sasa kuna nyaya kibao zinazouzwa zikiwa na zile 2 za umeme tu, ni za kuchajia basi, na kwa nje hutaona tofauti yoyote, kichwa kile kile, rangi ile ile. Mtu anachomeka, taa inawaka, alama ya betri inaanza kupanda, anasema si unaona inaingiza moto, waya ni mzima huu, basi anahamia kuilaumu kompyuta au pleya. Lakini chaji kuingia hakukwambii lolote kuhusu data. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa ndani ya waya mmoja. Na inaweza kuwa kinyume chake pia, ile iPod (pleya ya kampuni ya Apple) ya mwaka 2003 ukiiunganisha kwa USB nyimbo zinahamia vizuri tu ila chaji haiingii, mpaka utumie FireWire, aina nyingine ya waya yenye tundu lake tofauti na USB, na ile ya kwanza kabisa ya 2001 yenyewe haikuwa na USB kabisa, ni FireWire tu, kwa hiyo mwenye nayo leo asihangaike kutafuta kosa kwenye kompyuta ambayo haina hata hilo tundu.

Kupima waya ni rahisi. Chukua huo huo waya uchomeke kwenye simu, au kama kichwa chake hakiingii humo basi kwenye kamera au kifaa kingine chochote kinachoingia, jaribu kuhamisha picha moja kwenda kwenye kompyuta. Ikipita, data ipo. Isipopita tafuta waya mwingine ambao unajua unahamisha, usiuamini kwa sababu tu ni mpya. Na kuna waya uliokuwa mzima ukafa nusu, huu ndo unasumbua kuliko wote: pale shingoni karibu na kichwa, panapopinda kila siku, uzi mmoja wa data unakatika ndani kwa ndani huku za umeme zinaendelea kupitisha, unasikia kompyuta inalia ile sauti ya kifaa kimeingia, kimetoka, kimeingia, kimetoka, ukiushika waya kwa pembe fulani pleya inatokea, ukiuachia inapotea. Huo usiufunge solotepu, utakukatizia katikati ya kunakili na hapo ndo faili zinaharibika kweli.

Tundu la pleya nalo liangaliwe. Pleya inaishi mfukoni, nyuzinyuzi za nguo na vumbi vinaingia, na kila unapochomeka unavishindilia chini mpaka kichwa cha waya hakifiki mwisho. Mulika kwa tochi, zima pleya, kwangua taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, sio sindano jamani, sindano inapinda pini za ndani au inagusanisha zisizotakiwa kugusana.

Halafu acheni kuchomeka kwenye zile habu zisizo na umeme wake, yaani vile vigawanyio vya kulifanya tundu moja la USB liwe mengi. Tundu la USB 2.0 la kompyuta linatakiwa kutoa mpaka miliampea 500, sasa habu inachukua hizo hizo inawagawia kipanya, kibodi na flashi, pleya za zamani zenye diski inayozunguka ndani hazipati nguvu ya kutosha hata kuanza. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, kama ni ya mezani tumia matundu ya nyuma. Na pleya iliyoisha chaji mpaka sifuri iacheni kwanza ichaji nusu saa hivi ndo muilaumu.

Hayo yote yakishapita ndo tuingie kwenye mambo ya programu. Pleya nyingi zina njia mbili za kuongea na kompyuta, MTP na MSC, unaikuta kwenye mipangilio yake sehemu ya USB. Kwenye MSC pleya inaonekana kama flashi ya kawaida, kwenye MTP kompyuta lazima iijue hiyo lugha. Windows inaijua, Mac haiijui mpaka uweke programu ya kuisaidia, na zile Windows zenye herufi N mwishoni mwa jina hazina MTP mpaka uongeze Media Feature Pack, nyongeza ya Microsoft ya mambo ya muziki na video, watu wanateseka sana na hii bila kujua. Kwa hiyo badilisha uone, ikikataa MTP weka MSC. Kwenye MSC nako pleya inaweza kuingia kabisa ila ikakosa herufi ya diski (kama E: au F:), au ikagongana na herufi ya diski ya mtandao, ukienda Disk Management, sehemu ya Windows inayoorodhesha diski zote, unaikuta imekaa pale haina jina, unaipa herufi isiyotumika, imekwisha. Na ukikuta alama ya njano kwenye Device Manager, ile orodha ya Windows ya vifaa vilivyochomekwa, ondoa hicho kifaa pale, chomoa, washa kompyuta upya, chomeka tena ijisajili upya na draiva yake, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa.

Jambo linaloniuma zaidi ni kile kijisanduku cha Windows kinachosema diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Watu wanabonyeza ndiyo. Naomba bonyezeni Cancel! Mara nyingi mtu alichomoa pleya wakati bado inaandika, orodha ya faili imevurugika lakini nyimbo zenyewe bado zimo, na kuna programu za kuzifukua kabla hujagusa kitu kingine. Kufomati kunakuja baada ya hapo, nyimbo zikiwa zimeshanakiliwa pengine, na ifanyike kwenye menyu ya pleya yenyewe, manake ukifanyia kwenye kompyuta ukaweka NTFS, mfumo wa kupanga faili wa Windows, pleya nyingi hazitaisoma tena.

Kwa hiyo Mhariri naomba safu yenu isahihishe lile jibu, na kama mna nafasi muandike pia kuwataka watengenezaji na wauzaji waweke alama kwenye nyaya za kuchajia tu, mnunuzi ajue kabla hajalipa. Na huyo msomaji kama hajafomati bado, tafadhali asubiri, aazime waya unaohamisha data, ikionekana tu anakili folda yote ya muziki kwenye kompyuta kabla hajafanya kitu kingine chochote.

Msomaji wenu